Cairo, Illinois: safari ya kwenda kwenye ncha ya mito miwili

Nimesharudi Morogoro, na ninaandika haya nikiwa na daftari langu na picha za simu mbele yangu. Safari yenyewe ilikuwa Oktoba 2023. Nilikwenda Chicago kumsalimia kaka yangu na familia yake. Waliponiuliza nataka kuona nini, niliwaomba jambo moja: nifike Cairo. Si ile ya Misri. Ni mji mdogo kusini kabisa mwa jimbo la Illinois, makao makuu ya kaunti ya Alexander, pale mto Ohio unapoingia Mississippi. Kwa msomaji wa Tanzania, kaunti ni kama wilaya kwetu. Makao makuu yake ndipo penye mahakama, ofisi ya sherifu, kumbukumbu za ardhi na dirisha la kodi.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kila mwaka nawafundisha wanafunzi kwamba mji ukikaa kwenye makutano ya mito mikubwa, reli ikaufikia na mashamba mazuri yakauzunguka, utakua tu. Cairo ina vyote hivyo. Mwaka 1920 ilikuwa na watu 15,203. Sensa ya 2020 ilikuta 1,733. Somo langu lilikuwa limekosa kitu, na nilitaka kukiona kitu hicho kwa macho.

Jumatano, 11 Oktoba: Chicago hadi Carbondale

Treni ya asubuhi kutoka Union Station, tiketi dola 43, kama shilingi 107,000 kwa bei ya wakati ule. Ratiba inasema saa tano na nusu hivi njiani. Tulichelewa karibu saa mbili kwa sababu treni za mizigo hupewa njia kwanza, na sisi abiria tulisimama katikati ya mashamba ya mahindi tukiwatazama wavunaji. Ukisafiri njia hii, usipange miadi jioni ileile, na beba chakula. Kahawa ya ndani ilikuwa dola 3 na mkate wenye jibini dola 8.

Kankakee, Champaign, Mattoon, Effingham, Centralia: tambarare tupu, nzuri kwa kusinzia.

Sikusinzia sana, kwa kuwa reli hii ina historia ninayoijali. Ni njia ya zamani ya Illinois Central, iliyokamilika hadi Cairo mwaka 1856. Mwaka 1909 mwandishi Ida B. Wells-Barnett alitoka Chicago kushuka Cairo peke yake, mwanamke mweusi, kuchunguza mauaji yaliyofanywa na umati. Nitayaeleza nikifika huko. Leo treni ya abiria inapita Cairo bila kusimama. Kituo cha karibu upande wa Illinois ni Carbondale, kilomita 90 hivi kaskazini.

Mtoto wa kaka yangu anasoma chuo kikuu pale Carbondale. Alikuja kunipokea na gari la rafiki yake, gari la zamani lenye harufu ya mpira wa vikapu. "Shangazi, karibu kusini," aliniambia, akanivua begi mgongoni kabla sijamjibu. Usiku tulipika wali na maharage kwenye chumba chake. Mji mzima tayari ulikuwa na matangazo ya kupatwa kwa jua kwa tarehe 8 Aprili 2024. Carbondale ilikuwa kwenye njia ya kivuli kizima mwaka 2017 na ingekuwa tena 2024, na hoteli zilikuwa zinajazwa miezi sita kabla.

Alhamisi, 12 Oktoba: Thebes

Kuna barabara kuu ya haraka, I-57, lakini tulichagua barabara namba 3 inayofuata Mississippi. Nawashauri nanyi mfanye hivyo. Pale Grand Tower tulisimama kuutazama mwamba wa Tower Rock uliosimama mtoni upande wa Missouri. Mwaka huo maji yalishuka sana, na watu walikuwa wakitembea kwa miguu juu ya mawe makavu hadi kwenye mwamba ambao kwa kawaida umezungukwa na mkondo. Tuliwaona kwa mbali, rangi za makoti yao tu.

Thebes ni kijiji cha watu mia mbili na ushei, lakini kilikuwa makao makuu ya kaunti kabla ya Cairo. Kaunti ya Alexander iliundwa 1819 na imehamisha makao yake mara kadhaa: kwanza mji ulioitwa America kando ya Ohio, kisha Unity, kisha Thebes miaka ya 1840, na mwishowe Cairo mwaka 1860. Ukiyafuata mahamisho hayo kwenye ramani unaona watu wakitafuta mahali ambapo boti zitatia nanga, na baadaye mahali ambapo treni zitafika.

Mahakama ya zamani ya mwaka 1848 bado ipo, ya mawe ya mchanga, juu ya kilima kinachotazama mto. Ina nguzo mbele na veranda pana, na chini yake vyumba vya mahabusu. Wenyeji wanasimulia kwamba Dred Scott, mtumwa aliyemshtaki aliyemmiliki ili apate uhuru wake, aliwahi kufungwa humo. Mlango ulifungwa siku ile. Mama mmoja aliyekuwa akifagia majani kwenye nyumba ya jirani alitupigia simu kwa anayetunza funguo, akakuta yuko hospitali Cape Girardeau, akatuomba radhi kana kwamba kosa ni lake, kisha akatuletea matofaa manne kwenye mfuko wa karatasi. Tulikaa verandani tukayala.

Kutoka pale unaliona daraja la reli la mwaka 1905, zito, la chuma, limesimama juu ya Mississippi. Kwa macho ya Cairo, daraja hilo lilikuwa pigo. Hapo kabla mizigo mingi ya reli ilipita Cairo. Thebes ilipopata daraja, treni za kwenda kusini-magharibi zikapata njia ya mkato, na mapato yakapungua huko chini.

Mbele kidogo ni Horseshoe Lake, ziwa lililobaki mto ulipohama njia yake ya zamani. Miti ya saiprasi imesimama ndani ya maji, mashina yamevimba chini kama vyungu. Kwa mwalimu wa jiografia pale ni darasa tosha. Nilipiga picha nyingi kuliko mahali pengine popote pa safari hii. Kuingia ni bure, na vyoo vipo.

Tuliingia Cairo alasiri kutoka kaskazini, na lango lake ndilo jambo la kwanza linalokueleza mji huu. Barabara inashuka chini ya tuta la reli, na juu ya kichwa chako limening'inia bamba la chuma linaloitwa Big Subway Gate. Lilijengwa 1914. Upana wake futi 60, kimo futi 24, unene futi 5, uzito kama tani 80. Mto ukifurika, bamba hilo hushushwa na mji mzima unafungwa kama sufuria, matuta na kuta pande zote. Tulisimamisha gari pembeni nikashuka kuligusa zege la ukingoni.

Hakuna pa kulala pengi Cairo. Sisi tulivuka Mississippi hadi Charleston, Missouri, moteli dola 74 kwa usiku pamoja na kodi. Daraja la upande huo ni la 1929, na ni jembamba mno. Malori mawili yakipishana unaziba pumzi. Dereva mgeni asilivuke usiku kama anaweza kuepuka.

Ijumaa, 13 Oktoba: Cairo

Tulianzia Fort Defiance, ncha yenyewe, mahali pa chini kuliko pote Illinois. Hapana walinzi, hapana tiketi. Kuna mnara wa zege wa kuwakumbuka mabaharia wa mito, wenye umbo la omo ya meli. Ukipanda unaona mito yote miwili kwa pamoja.

Nilikaa pale zaidi ya saa moja. Mississippi inakuja na rangi ya udongo. Ohio inakuja na rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani. Zinakutana lakini hazichanganyiki mara moja. Mstari unaonekana kabisa, ukipindapinda kushuka kusini, na magogo yanauvuka taratibu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hapa Ohio huleta maji mengi kuliko Mississippi yenyewe, kwa sababu inakusanya mvua za mashariki yote hadi milima ya Appalachia. Novemba 1803 Lewis na Clark walipiga kambi hapa wakajifunza kupima latitudo na longitudo kabla ya safari yao ya magharibi. Matishari ya nafaka na makaa yalikuwa yamefungwa pamoja, mengi, yakisukumwa na boti moja. Maji yakiwa chini vile, manahodha hupunguza mzigo ili wasikwame kwenye mchanga.

Mzee mmoja mweusi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja akivua. Mtoto wa kaka yangu alimsalimia, akatujibu na kutusogezea ndoo tuone: kambare watatu. Aliposikia natoka Tanzania alitaka kujua kama tunao samaki hao. Nikamwambia tunao, na wana masharubu vilevile. Akacheka, kisha akaninyooshea kidole kuelekea ng'ambo zote: "Pale Kentucky. Pale Missouri. Hapa umesimama Illinois. Nilipokuwa mtoto, mama yangu alikuwa akininunulia viatu hapahapa mjini. Sasa kiatu nakifuata Missouri."

Mahali hapa palipendwa na wanajeshi pia. Septemba 1861, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Ulysses Grant, jenerali wa jeshi la Kaskazini, aliweka makao yake Cairo, na kutoka hapa majeshi na manowari za chuma zilipanda kwenda kuteka Fort Henry na Fort Donelson Februari 1862. Watumwa waliotoroka kusini walifika Cairo kwa maelfu, wakawekwa kambini, na wengi wakabaki. Ndiyo chanzo cha jamii kubwa ya weusi ya mji huu, ambayo leo ni wengi wa wakazi.

Baada ya vita fedha zilimiminika. Ukiendesha Washington Avenue unaona jumba la Magnolia Manor, la matofali mekundu, lililoanzwa 1869 na mfanyabiashara wa unga Charles Galigher. Kuta zake ni mbili, na kati yake pameachwa nafasi ya hewa ili unyevu wa mtoni usiingie ndani. Mtaa una miti ya magnolia mikubwa. Ng'ambo ya barabara ni Riverlore, jumba la nahodha William Halliday. Custom House ya 1872, kazi ya msanifu Alfred Mullett, sasa ni makumbusho. Ilikuwa ofisi ya forodha, kwani meli za mtoni zililipa ushuru hapa. Makumbusho haya hufunguliwa kwa saa chache tu, kwa hiyo piga simu siku moja kabla. Sisi tulipiga asubuhi, wakatufungulia, na mama aliyetuongoza alitutembeza ghorofa zote bila kutuharakisha. Sanduku la michango liko mlangoni. Tuliweka dola 20.

Kisha tukaenda Commercial Avenue.

Hapa ndipo palikuwa mtaa wa maduka. Kuna tao jipya juu ya barabara linalokukaribisha katikati ya mji wa kihistoria, na ukilipita unakuta viwanja vya nyasi mahali majengo yalipokuwa. Jumba la sinema la Gem, lililofunguliwa 1910, lina uso tu na ubao wake wa matangazo. Kwenye dirisha la duka moja nilisogeza uso hadi kioo: kaunta ya mbao bado ipo, droo zake ndogo zimevutwa nusu, na mti mwembamba umeota katikati ya sakafu, majani yake yameelekea kwenye tundu la paa. Nilihesabu magari yaliyopita wakati tunatembea mtaa mzima. Yalikuwa mawili.

Tarehe 11 Novemba 1909, kwenye kona ya mtaa huu na mtaa wa Nane, chini ya tao la taa za umeme, umati wa maelfu ya watu ulimnyonga William James, mweusi aliyetuhumiwa mauaji bila kufikishwa mahakamani. Kamba ilikatika, wakampiga risasi. Usiku uleule wakamtoa jela mzungu mmoja, Henry Salzner, wakamnyonga naye. Sheria ya Illinois ya 1905 ilisema sherifu anayenyang'anywa mfungwa namna hiyo anapoteza kazi, na sherifu Frank Davis akaondolewa. Alipoomba kurudishwa, Ida B. Wells-Barnett ndiye aliyepanda treni kuja hapa, akawakusanya weusi wa Cairo, akapeleka ushahidi mbele ya Gavana Charles Deneen. Gavana akakataa kumrudisha sherifu. Nilitafuta kona ile kwa ramani ya simu. Ni nyasi.

Miaka hamsini baadaye mambo yalikuwa bado. Mwaka 1962 vijana walipinga bwawa la kuogelea lililokuwa la wazungu peke yao. Kuna picha maarufu ya John Lewis, ambaye baadaye alikuwa mbunge, akiwa amepiga magoti mbele ya bwawa hilo akiomba. Wenye bwawa waliona afadhali walifunge kuliko watoto weusi waogelee. Julai 1967 mwanajeshi kijana mweusi wa miaka 19, Robert Hunt, alikutwa amekufa kwa kunyongwa ndani ya kituo cha polisi. Wakuu walisema amejiua. Weusi wa mji hawakuamini, na moto ukawaka kwa siku kadhaa hadi walinzi wa taifa wakaletwa. Raia wa kizungu wakaunda kundi lenye silaha lililojulikana kwa kofia nyeupe. Mwaka 1969 weusi, wakiongozwa na mchungaji Charles Koen, wakaunda United Front na kuanza mgomo wa kutonunua kwenye maduka yasiyoajiri weusi. Mgomo ukadumu miaka. Wenye maduka wengi waliona heri kufunga kuliko kuajiri.

Hiki ndicho kilichokosekana kwenye somo langu. Daraja la reli la Ohio la 1889 liliua vivuko, daraja la Thebes likachukua mizigo, na mwaka 1978 barabara ya I-57 ikavuka Mississippi kaskazini ya mji ili wasafiri wasilazimike kupita katikati yake. Hayo yote yameandikwa kwenye vitabu vya jiografia. Lakini miji mingi ilipoteza reli na boti ikapata kazi nyingine. Cairo ilikuwa na watu weusi waliotaka kazi na wenye fedha za kununua, na waliokuwa na maduka wakachagua kuyafunga. Mto haukuingia kwenye mtaa huu.

Chakula cha mchana tulikula Shemwell's, kwenye Washington Avenue, nyama iliyochomwa polepole kwa moshi. Mtoto wa kaka yangu alikula, dola 9. Mimi nilikula viazi na kabichi. Wasafiri Waislamu na wengine wasiokula nguruwe: eneo hili lote nguruwe ndiye mfalme, hata maharage hupikwa na mafuta yake, kwa hiyo ulizeni kabla. Kambare wa kukaanga hupatikana upande wa Kentucky.

Alasiri niliingia maktaba ya A. B. Safford, iliyofunguliwa 1884, matofali mekundu na masanamu mawili kwenye uso wake, Clio na Concordia. Mjane Anna Safford aliijenga kumkumbuka mumewe. Dada wa marehemu huyo, Mary Jane Safford, alihudumia majeruhi hapa mwaka 1861, hema kwa hema. Mfanyakazi wa maktaba alituletea magazeti ya zamani ya mji, akatupa meza karibu na dirisha, na ilipofika saa ya kufunga akatuachia dakika ishirini zaidi. Kama una nafasi ya kuingia jengo moja tu Cairo, ingia hili.

Jioni tulinunua ndizi, maziwa na mkate kwenye duka la ushirika. Mji ulikaa miaka bila duka la vyakula, na wakazi ndio walioungana wakafungua hili Juni 2023. Mama wa kwenye mashine ya fedha alituuliza kama sisi ni wanachama, akatueleza kwa fahari jinsi hisa zinavyouzwa. Alituambia pia nyumba za serikali za Elmwood na McBride zilikuwa wapi. Mwaka 2017 idara ya makazi ilitangaza kuzifunga kwa ubovu, na mamia ya watu, wengi wao watoto, wakalazimika kuhama. Shule zikapoteza wanafunzi. Kati ya sensa mbili, 2010 na 2020, kaunti ya Alexander iliporomoka kutoka watu 8,238 hadi 5,240.

Jumamosi, 14 Oktoba: upande wa Missouri

Tulitaka kuona Birds Point, na pancha ikatupata katikati ya mashamba. Tairi la akiba lilikuwepo, jeki hapana. Tulisimama kama nusu saa, upepo mkali, pamba imekauka pande zote.

Mkulima mmoja mzungu, makamo, alisimamisha pikapu yake bila kuulizwa. Alishusha jeki, akapiga magoti kwenye kokoto, na mtoto wa kaka yangu akashika taa. Alipomaliza nikataka kumpa dola 20, akakataa. Nikamwambia tumekuja kuona mahali tuta lilipolipuliwa. Akanyamaza kidogo, akasema: "Mmesimama juu yake. Maji yalikuwa juu ya kichwa cha huyu kijana."

Habari yenyewe ni hii. Baada ya mafuriko makubwa ya 1927, sheria ya 1928 iliweka ukanda wa ardhi hapa Missouri ambao, mto ukizidi, utafunguliwa ili upokee maji. Ulifunguliwa Januari 1937. Mara ya pili ilikuwa usiku wa tarehe 2 Mei 2011. Kipimo cha Cairo kilifika futi 61.72, karibu mita 19, na ukuta wa mji unahimili futi 64. Cairo ilikuwa imeamriwa kuhamishwa. Jenerali Michael Walsh wa kikosi cha wahandisi wa jeshi akaamuru; baruti ya majimaji ikasukumwa kwenye mabomba ndani ya tuta, ikalipuliwa, na maji yakaingia kwenye ekari 130,000 za mashamba. Mto ulianza kushuka Cairo. Mji ukapona.

Mkulima hakuilaumu Cairo. Alisema tu kwamba mchanga ulijaa shambani mwake na ilichukua misimu kuuondoa. Akatuelekeza pia tukaone Pinhook, au mahali ilipokuwa. Kilikuwa kijiji cha wakulima weusi, kilichoanzishwa miaka ya 1940, kwenye ardhi ambayo wazungu hawakuitaka kwa kuwa ni ya bondeni. Maji ya 2011 yalikiangamiza chote. Watu wake walitawanyika, wakapigania kwa miaka wajengewe mahali pengine pamoja. Tulifika, tukakuta barabara, magugu na msingi wa zege. Nilishindwa kuandika chochote daftarini pale. Ukurasa ule una tarehe tu. Kuokoa mji wa weusi kulipitia juu ya kijiji cha weusi, na kila aliyenieleza habari ya tuta lile upande wa Illinois hakulitaja jina la Pinhook. Nalitaja mimi hapa ili anayekuja baadaye apite.

Barabara za ukanda huu ni za kokoto na mtandao wa simu hukatika. Pakua ramani kabla, na hakikisha una jeki.

Jumapili, 15 Oktoba: Mound City na kurudi

Asubuhi tulipita makaburi ya taifa ya Mound City, yaliyoanzishwa 1864, kilomita chache kaskazini ya Cairo. Mawe meupe kwa safu, mengi yameandikwa "asiyejulikana". Mji huu nao ni makao makuu ya kaunti, ya Pulaski, na karakana yake ndiyo iliyojenga manowari kadhaa za chuma wakati wa vita, mojawapo ikiitwa Cairo.

Njiani kurudi Carbondale kijana aliniuliza kama nitabadilisha notisi zangu za kidato cha pili. Nimeshazibadilisha. Kwenye ukurasa wa makutano ya mito nimeongeza Cairo, idadi zake mbili za watu, na swali ambalo wanafunzi watajibu kwa ukurasa mzima: ni nani aliyeruhusiwa kufanya kazi na kununua katika mji huu, na kuanzia lini?

Kwa anayetaka kwenda: jumla yangu, bila nauli ya ndege, ilikuwa chini ya dola 450 pamoja na mafuta ya gari na moteli. Oktoba ni mwezi mzuri, hakuna mbu wengi. Kuanzia Februari hadi Mei angalia kwanza kipimo cha mto cha Cairo mtandaoni. Kikipita futi 40 ni mafuriko, na ncha ya Fort Defiance huwa chini ya maji. Nenda siku za kazi, kwa kuwa mwisho wa wiki milango mingi imefungwa. Na nunua chakula chako palepale, kwenye duka la ushirika kama bado liko wazi.